Makapteni wa Reli

Kisii haina bandari. Ukipanda kilele cha Manga, upande wa Nyamira, asubuhi isiyo na ukungu, utaiona Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria mbali kule chini, ukanda mwembamba wa bati uliotandazwa nyuma ya vilima vya Uluo. Mgusii wa zamani, mwenyeji wa milima ya Kisii, aliyatazama maji hayo kama mali ya jirani. Yeye alikuwa na wimbi lake, ng'ombe wake na mlima wake. Hata hivyo serikali ya kikoloni, misheni na mabati ya maduka ya kwanza vilimjia kutoka ziwani, vikiletwa na meli ambazo leo zimebaki pichani tu: dohani moja ndefu, turubai la kukinga jua, na mbele kabisa mzungu wa sare nyeupe anayetabasamu, mkono mmoja umeshika ukingo wa sitaha.

Huyo ndiye kapteni. Na mwajiri wake, ajabu ya mambo, alikuwa shirika la reli.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Pamoja na jina lake kubwa, haikufika Uganda ya leo. Njia iliishia ufukweni, na safari iliyobaki ikaachiwa meli, kwa hiyo reli ikalazimika kuwa na mabaharia. Meli yake ya kwanza ya moshi, William Mackinnon, ilikuwa imeagizwa na kampuni ya Imperial British East Africa, na vipande vyake vilihangaika njiani miaka mingi kabla ya kuunganishwa Kisumu. Baada yake zikaja kubwa zaidi: Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, kisha Usoga na Rusinga. Nyingi ziliundwa na Bow, McLachlan wa Paisley, Uskoti, kwa utaratibu wa kuchosha. Meli iliungwa kwa bolti hadi ikakamilika, kila bamba likapigwa namba, kisha yote ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye meli nyingine hadi Mombasa, ikapanda mabehewa, ikaunganishwa upya Kisumu, safari hii kwa ribiti. Bamba moja likipotea kati ya Mombasa na Kisumu, kazi inasimama.

Sifa za makapteni hao zilienezwa na abiria wakubwa. Mwishoni mwa 1907 Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alivuka kutoka Kisumu hadi Entebbe ndani ya Clement Hill, na kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kiliisifu meli hiyo. Desemba 1909 akapanda Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani Marekani mapema mwaka huo, pamoja na mwanawe Kermit, mpiga picha wa msafara. Kuanzia hapo picha ya ziwa ikapata mtindo wake: mgeni, kapteni, upeo wa maji. Katika mkusanyo wa Winterton, unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kuna maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na ukizipitia utazoea haraka jinsi wapiga picha wa enzi hiyo walivyopanga watu. Wazungu huketi vitini mstari wa mbele. Waafrika husimama nyuma, au hukatwa nusu na ukingo wa picha.

Turudi milimani. Kituo cha kwanza cha serikali kwa wilaya iliyoitwa South Kavirondo hakikuwa Kisii bali Karungu, ufukweni kabisa. Mwaka 1907 kikahamishiwa Getembe, na hapo ndipo mji wa Kisii ulipoanza. Ofisa aliyepewa kazi hiyo alikuwa Geoffry Northcote, kijana ambaye baadaye angekuwa gavana wa Hong Kong. Wagusii hawakumpokea kwa shangwe. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, akichochewa na mwaguzi Moraa wa Ng'iti, alimchoma mkuki. Northcote alipona. Kikosi cha jeshi la kikoloni, King's African Rifles (KAR), kikaja kulipiza, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakatekwa kwa maelfu, watu wakauawa hovyo. Taarifa zilipofika London mwezi Februari, aliyeandika kwa hasira kuuliza kwa nini watu wasio na ulinzi wanaendelea kuuawa kwa wingi namna hiyo alikuwa Churchill yule yule, aliyekuwa amepigwa upepo kwenye sitaha ya Clement Hill miezi michache tu iliyopita.

Wamisheni nao walipita majini. Arthur Carscallen, Mkanada wa Kanisa la Waadventista Wasabato, alishuka Kendu Bay Novemba 1906 akiwa na mwenzake Peter Nyambo kutoka Nyasaland, wakajenga Gendia. Miaka michache baadaye Waadventista walipanda hadi Nyanchwa, juu ya mji wa Kisii, wakati mapadri wa Mill Hill walikuwa wameshaanza Nyabururu mwaka 1911. Kati ya Kendu Bay na Kisii kuna kama kilomita 50, karibu zote za kupanda. Kabla ya barabara ya kupitisha magari, umbali huo ulipimwa kwa shingo za wapagazi. Yeyote aliyewahi kubeba bati moja kwenye mteremko wa Kisii siku ya mvua ataelewa kwa nini mwenye nyumba ya mabati aliheshimiwa.

Mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, meli hizo zikavaa bunduki. Septemba, Wajerumani walivuka mpaka kutoka koloni lao la kusini na kuingia Kisii bila upinzani. Kikosi cha KAR kilipakiwa Kisumu, kikashushwa Kendu, kikapanda milima kwa miguu. Mapigano ya tarehe 12 Septemba yalimuua kamanda wa Waingereza, Kapteni Thorneycroft, na usiku huo pande zote mbili zikarudi nyuma, kila moja ikidhani imeshindwa. Mji ukabaki bila mwenyewe. Wananchi waliingia madukani, ofisini na kwenye misheni, wakabeba kilichobebeka. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali, lakini kwa siku chache Wagusii waliamini serikali imekwenda zake. Huko ziwani, Winifred ilitumwa Karungu, ikakutana na boti ya Kijerumani Muansa, ikaona busara kuondoka. Ikarudi baadaye na boti nyingine, Kavirondo, na Muansa ikatimuliwa. Sybil ilipanda mwamba kusini mwa ziwa, ikaopolewa mwaka uliofuata. Kwa wanahistoria wa vita kuu hiyo yote ni mistari miwili mitatu. Kwa Kisii ni mwaka ambao wazee walihesabia umri wa watoto wao.

Vita vilipokwisha, meli zikarudia kazi yake ya kawaida: barua, shehena, abiria, na ratiba ambayo wafanyabiashara wa Kihindi wa Kendu Bay na Homa Bay waliijua kama saa ya sala. Mahindi, wimbi na ngozi zilishuka kutoka Gusii. Nguo, chumvi, sukari na majembe yakapanda. Kahawa iliporuhusiwa kwa wakulima Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1930, Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Kenya, pamoja na Meru.

Ndani ya meli kila mtu alikuwa na ngazi yake. Kapteni na mainjinia walikuwa Wazungu. Makarani na wahudumu wa mezani mara nyingi walikuwa Wagoa. Walioshika usukani kwa amri, waliochochea moto, waliotupa kamba gatini na kubeba magunia walikuwa Waafrika. Tanuri zilikula kuni, na kuni hazijipakii. Mchochea moto alifanya zamu yake chini ya sitaha, kwenye joto ambalo abiria wa daraja la kwanza hakulihisi, akipanda juu kuvuta pumzi wakati picha imeshapigwa. Ndiyo sababu tunajua kofia ya kapteni ilivyokuwa, na hatujui jina la aliyeifanya meli iende.

Mwaka 1951 sinema ikaingia. Mwongozaji John Huston alikuja Kongo na Uganda kupiga filamu ya The African Queen, Humphrey Bogart akiigiza nahodha mlevi wa kimashua cha moshi anayepanga kuizamisha manowari ya Wajerumani. Kisa chenyewe kina mizizi Ziwa Tanganyika, ambako meli halisi, Graf von Goetzen, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa, na kupewa jina la Liemba. Kwenye filamu, manowari hiyo iliigizwa na Buganda, boti ya kuvutia matishari iliyomilikiwa na shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki kwenye Ziwa Victoria. Basi mtazamaji wa Kisumu aliyeingia sinema angeweza kuiona boti ya kwao ikilipuliwa na Bogart.

Bogart alipata tuzo ya Oscar, na mashua yake ikapata watoto California. Disneyland ilipofunguliwa Julai 1955, mchezo wake wa Jungle Cruise ulikuwa na vimashua vya turubai na dohani, na mbunifu wake, Harper Goff, alikiri kwamba filamu hiyo ndiyo iliyompa wazo. Nahodha wa bustani hiyo huvaa kofia, huzungusha usukani, huwatania abiria na kuwafyatulia viboko wa bandia risasi za bandia. Usukani wake hauongozi lolote. Mashua hutembea juu ya reli iliyofichwa chini ya maji, na maji hutiwa rangi ili isionekane. Meli kubwa ya gurudumu la nyuma ya bustani hiyo, Mark Twain, nayo hufuata reli. Picha za huko ndizo picha za zamani ambazo familia za Kimarekani huzihifadhi: baba, watoto, na kapteni mchangamfu. Huku kwetu kapteni alikuwa na reli kwenye beji, na majabali ya kweli chini ya meli.

Afrika Mashariki ilikuwa na makapteni wake wa kuigiza pia, na hawa ndio wanaostahili kitabu. Karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walijenga vibanda vyenye pazia zilizochorwa meli, ndege na majumba. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend ameandika kwa kina kuvihusu: wateja wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi, na picha waliituma nyumbani. Fikiria kijana aliyetoka Keroka au Nyamira kwenda kubeba mizigo Kilindini. Mshahara ni mdogo, chumba anakaa na wenzake wanne. Jumapili anavaa suruali aliyoazima, anasimama mbele ya meli ya rangi ya mafuta, anaweka mkono kwenye ukingo uliochorwa, na mpiga picha anamwambia ainue kidevu. Mama yake anaipokea kwa posta, anaiweka kwenye fremu ukutani, chini ya kalenda. Kijiji kizima kinajua kwamba mtoto wa fulani yuko melini. Huo haukuwa uongo wa kudhuru mtu. Ulikuwa barua ya kusema niko hai na ninajitahidi. Maabara za picha za rangi zilipoenea na kamera ndogo zikashuka bei, pazia za aina hiyo zikapungua.

Meli zenyewe nazo zilibadilika, kisha zikapungua. Victoria ilianza kazi mwaka 1961, ikafuatwa na feri za mabehewa, Umoja na Uhuru, zilizobeba mabehewa yakiwa yamesimama juu ya reli ndani ya meli. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na meli zikagawanywa. Uhuru ikabaki Kenya, Victoria ikaenda Tanzania. Kisii haikulia sana. Lami ilikuwa imeshafika, na chai ya Nyamira ilishuka kwa lori moja kwa moja kuelekea Mombasa. Feri ndogo za Kendu Bay na Homa Bay ziliendelea kuchechemea hadi gugu maji likafunga ghuba katika miaka ya 1990, na gati la Kendu likaachiwa wavuvi na watoto wanaoogelea.

Desemba 2019 Uhuru, baada ya kulala gatini kwa miaka kadhaa, ilipakia mafuta Kisumu na kuondoka kwenda Port Bell. Ndugu yake mdogo, MV Uhuru II, imejengwa Kisumu kwenyewe na Kenya Shipyards Limited. Makapteni wa sasa ni Wakenya, na hupigwa picha kwa simu na mabaharia wao, wote wakiwa mstari mmoja.

Picha za Clement Hill na makapteni wenye kofia nyeupe zinatafutika kwa kompyuta kutoka popote. Za wachochea moto, na za wapagazi waliopandisha mabati kutoka Kendu, kama zipo, zimo kwenye masanduku ya chuma chini ya vitanda. Mtu wa makumbusho anayezitaka itabidi aende nyumba kwa nyumba, kuanzia Kendu Bay hadi Nyansiongo, na awahi kabla ya mchwa.