Koito ilivyotoka ndani ya nyumba ikaingia chini ya hema

Ukishika barabara ya Kapsoit kuelekea Sondu Jumamosi moja ya Desemba, kabla hujafika Kiptere utapishana na pikapu zilizosheheni mabomba ya mahema, viti vya plastiki na spika ndefu kuliko mtu. Bonasi ya chai imelipwa mwezi Oktoba, shule zimefungwa, na waliokwenda kutafuta riziki Nairobi na Nakuru wamerudi nyumbani. Ni msimu wa koito.

Mgeni akiambiwa kwamba koito ni siku ya kujadili mahari, hushangaa akikuta watu mia kadhaa, mshereheshaji mwenye maikrofoni, wapishi wa kukodi, keki ya ghorofa tatu na kijana anayerusha droni juu ya migomba. Wazee wa Kipsigis wa hapa nao hushangaa, ila kwa sababu nyingine. Wao wanaikumbuka koito iliyotosha ndani ya nyumba moja.

Koito hiyo ilikuwa kazi ya wazee wachache wa pande mbili, wameketi kwa baba wa msichana, na maiyek, pombe ya wimbi, ikiwa karibu. Hawakuanza na ng'ombe. Walianza na ukoo, kwa sababu Wakipsigis huoa nje ya ukoo, na kila ukoo una mnyama au kiumbe chake: simba, ndovu, nyuki, nyani. Baada ya ukoo likaja rika. Marika yenyewe huzunguka kizazi hadi kizazi: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipkoimet, Nyongi. Mwanamume hakuruhusiwa kumwoa binti wa mwenzake wa rika, kwa kuwa huyo alihesabiwa kuwa mtoto wake mwenyewe. Posa nyingi zilikufa hapo, kimya kimya, bila mtu kuaibishwa. Waliovuka ndio waliofika kwenye hesabu ya mifugo.

Sherehe kubwa ilikuwa mbele, siku ya harusi yenyewe, na kitovu chake kilikuwa mabwaita, madhabahu ya fito na matawi iliyosimama nje ya mlango wa nyumba. Hapo ndipo familia ilipoomba, na hapo ndipo moshi wa majani ya korosek ulipopanda. Bibi na bwana harusi walizungushwa madhabahu hiyo, wakapakwa mafuta ya maziwa, kisha kila mmoja akamfunga mwenzake mkononi uzi wa segutiet, nyasi ngumu inayoota yenyewe malishoni. Nyasi hiyo haikununuliwa na mtu yeyote. Mtu alitoka asubuhi akaing'oa. Lakini ikishafungwa mbele ya mashahidi, ndoa imesimama, na kuivunja lilikuwa jambo zito ambalo wengi hawakuliona likitendeka maishani mwao.

Kuna sehemu ya siku hiyo ninayoipenda kuliko zote. Bibi harusi alipofika kwa wakwe aligoma. Hakuingia mlangoni mpaka aahidiwe mnyama. Akiingia hakuketi mpaka aahidiwe tena, na akiketi hakula. Ahadi zile zilitolewa mbele ya watu, na waliozisikia ndio waliozikumbusha miaka ikipita. Msichana aliyekuja na mikono mitupu kwenye boma geni alianza maisha akiwa na sauti ya kudai na mali inayotajwa kwa jina lake.

Mengi ya haya yameandikwa. Ian Orchardson, Mwingereza aliyeishi na Wakipsigis tangu mwanzoni mwa ukoloni na akaoa kwao, aliacha kitabu kilichochapishwa mwaka 1961. J. G. Peristiany alitoa chake mwaka 1939. Wote wawili waliandika wakati nchi hii ikibadilika machoni pao, kwa sababu chai ilikuwa imeshaingia.

Kampuni kubwa za chai zilitia mguu Kericho katikati ya miaka ya 1920, Brooke Bond ikiwa miongoni mwa za kwanza. Ardhi bora ya juu ilikwishachukuliwa. Wakipsigis waliobaki kwenye ardhi iliyotengewa wenyeji waligundua haraka kwamba maelfu ya vibarua wa mashambani wanahitaji posho, wakalima mahindi na kuwauzia. Plau za ng'ombe zikaenea, malisho ya pamoja yakaanza kuzungushiwa ua, na mke akawa mkono mkubwa shambani kuliko alivyokuwa zamani za kuchunga. Mahari ikafuata mahindi. Kwa mara ya kwanza pia, kijana mwenye mshahara alikuwa na kitu cha kuweka mezani bila kungoja zizi la baba yake.

Kipimo kizuri cha mabadiliko hayo kinatoka kwa mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya utafiti Abosi, Bomet, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati Bomet bado ikiwa sehemu ya Wilaya ya Kericho. Alikuta mahari ya kawaida kuwa ng'ombe 6, mbuzi au kondoo 6 na shilingi 800. Hiyo ilikuwa kama theluthi ya ng'ombe wa mwanamume wa kawaida, nusu ya mbuzi na kondoo wake, na mshahara wa miezi miwili kwa aliyeajiriwa. Alionyesha pia kwamba mahari ilikuwa imeanza kushuka ikilinganishwa na miaka iliyotangulia. Ardhi ilikuwa inagawanywa kwa wana, zizi linapungua, na baba wa bibi harusi anajua vizuri kwamba huwezi kumkamua mkwe asiye na ng'ombe.

Kwa hiyo anayelalamika leo kwamba mahari ndiyo inayowamaliza vijana anapaswa kutazama upande wa pili wa uwanja, palipo na mahema.

Njia ya kufika huko ilipitia kanisani. Mmarekani Willis Hotchkiss alianzisha misheni ya Lumbwa mwaka 1905, na baadaye Africa Gospel Church ikaenea kutoka Tenwek na Kericho hadi vijijini. Kanisa lilileta pete, gauni jeupe na cheti. Liliondoa pombe. Nafasi ya maiyek ikachukuliwa na chai ya maziwa, na baadaye soda, na sidhani kuna mtu aliyepanga kwamba zao lililochukua ardhi ndilo litakalomiminwa kwenye vikombe vya posa. Wengi wakaanza kufunga ndoa mara mbili, nyumbani kwa wazee halafu madhabahuni kwa mchungaji, na kila moja ikadai karamu yake.

Wasichana nao walibadilika, na hili nalipokea kwa mikono miwili. Zamani ndoa ilifuata tohara moja kwa moja, msichana akitoka kwenye kutengwa anaingia kwa mume. Ukeketaji ulipigwa marufuku kisheria mwaka 2011, umri wa ndoa ukawekwa kuwa miaka 18, na binti wa Kiptere anayekaa leo kwenye kiti cha mbele siku ya koito mara nyingi ameshasoma na ana kazi yake. Haongelewi tu na wazee. Anashika maikrofoni na kumtambulisha mchumba wake.

Hapo ndipo koito ilipotoka ndani ya nyumba. Binti ana marafiki wa chuo, kijana ana wafanyakazi wenzake, na wote wanataka kuja. Likahitajika hema, na hema likahitaji mapambo. Fundi cherehani akapata kazi ya kushona mavazi ya rangi moja kwa familia nzima, ya kahawia yenye shanga na simbi. Mpiga picha akaja, kisha wa video, kisha wa droni. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kamati ya harusi haina haja ya kukutana: kundi la WhatsApp linafunguliwa, majina yanapangwa, na kila jioni mweka hazina anaandika nani ametoa na nani bado. Kuna blanketi za kina bibi, koti la baba mkwe, sukari ya kina mama. Kuna mursik, maziwa ya mgando, asante Mungu, bado kwenye kibuyu.

Sisemi biashara hii ni balaa. Imewalisha vijana wengi wa soko la Kiptere wasio na hata shina moja la chai. Mwaka 2020, korona ilipozuia mikusanyiko, hawa ndio walioumia kwanza, viti vikilundikana stoo mpaka Julai wageni waliporuhusiwa kufika 100.

Ninachokiogopa ni yule anayeahirisha. Kijana ana mchumba, wazee wamekubaliana ukoo na rika, ng'ombe wawili wapo, lakini hana fedha za hema, na anaona haya kuitisha koito ndogo. Wanaanza kuishi pamoja kimyakimya. Watoto wanazaliwa. Koito inakuja baada ya miaka kumi, au haiji kabisa, na mmoja akifariki ndugu wanasimama mlangoni na kuuliza: huyu ni nani hapa?

Mahakama za Kenya zimelijibu swali hilo mara nyingi kwa kudhania ndoa pale ambapo wawili wameishi kama mume na mke. Lakini Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba dhana hiyo itumike kwa nadra, na ikaweka masharti makali ya kuithibitisha. Mwanamke anayetegemea kuishi pamoja tu bila mashahidi amebaki pabaya.

Sheria ya Ndoa ya 2014, ile iliyowafanya wabunge wanawake watoke ukumbini kwa hasira kuhusu kifungu cha ndoa za wake wengi, imeweka ndoa ya kimila sawa na ile ya kanisani, ya serikali, ya Kiislamu na ya Kihindu. Inasema kwamba pale mahari inapohitajika ili kuthibitisha ndoa ya kimila, kishika mahari kinatosha. Ng'ombe mmoja anatosha, na mbuzi pia. Haitaji hema, keki wala idadi ya wageni. Inachotaka ni taratibu za jamii zikamilike, kisha wenye ndoa wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu na kuisajili ndani ya sita. Usajili wa ndoa za kimila ulianza Agosti 2017, kwa hiyo mzee anayefungisha segutiet kwenye boma la Kiptere leo anafungisha ndoa inayoweza kupata cheti sawa na cha mchungaji.