Zoo Kericho: Kabla ya FIFA Kulikuwa na Timu

Taja Zoo Kericho leo na msee wa kwanza atakuuliza, "Si ni wale wa kuuza mechi?" Sawa, iko kwa rekodi. Lakini ukianzia hapo unaruka sehemu tamu, na pia funzo.

Huku kwa majani chai, Kericho na Bomet, tunajulikana kwa mbio. Medali ya kwanza ya Kenya kwenye Olimpiki, shaba ya mita 800 kule Tokyo 1964, ililetwa na Wilson Kiprugut Chuma, mtu wa Kericho. Mpira wetu nani aliutaja?

Halafu 2017 Zoo ikaingia Ligi Kuu. Ghafla Gor Mahia na AFC Leopards walikuwa wanakuja kucheza na timu ya kwetu kwa pointi, si kirafiki. Na Zoo haikuenda kusindikiza wengine: msimu baada ya msimu haikushuka. Mike Madoya aling'aa huko hadi Tusker wakamchukua. Nicholas Kipkirui akaenda Gor, na 2019 alifunga siku walipoichapa Zamalek ya Misri 4-2 pale Kasarani.

Mwaka huohuo SportPesa ikajitoa kudhamini ligi. Timu zisizo na kampuni nyuma yao zikaanza kuhangaikia mishahara na nauli. 2020 akaja mdhamini mpya, BetKing, kwa mkataba wa shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Kampuni ya kubeti tena! 2021 FIFA ikaifukuza Zoo kwa kupanga matokeo na kuishusha hadi Divisheni ya Kwanza. BetKing nao hawakumaliza hata mwaka wa pili.

Njaa si kisingizio. Anayeuza mechi anamwibia shabiki aliyelipa kiingilio, na zaidi anamwibia mchezaji mwenzake aliyekimbia dakika 90 bila kujua chochote. Klabu ikishushwa, huyo msafi anashuka nayo.

Lakini tusijidanganye kwamba shida ilikuwa roho mbaya tu. Timu changa hupanda kwa miguu ya vijana. Kubaki juu kunataka mshahara unaofika kwa wakati, na kutoka mahali panapojulikana.

Siku timu nyingine ya huku itapanda, tushangilie. Ila kabla ya kuuliza kocha ni nani, tuulize vijana wanalipwa na nani.