Kompyuta kuukuu, programu mpya: historia fupi kutoka nchi ya majani chai

Najua blogu imekuwa kimya karibu mwezi mzima. Nilikuwa nyumbani, upande wa Litein, na badala ya kupumzika nikajikuta nimekaa siku mbili mbele ya laptopu iliyo karibu na umri wangu. Nimerudi na hadithi yake, na kwa kuwa hadithi hiyo haieleweki bila historia, leo tutarudi nyuma kidogo.

Kuna kikundi kidogo cha wakulima wa chai pale kwetu. Wanachama walianza kuchanga miaka mingi iliyopita wakanunua kipande cha shamba kwa hisa. Daftari la hisa liliandikwa kwenye laptopu waliyopewa kama msaada. Mwanachama mmoja alifariki, na mjane wake akatakiwa kuonyesha mumewe alichanga kiasi gani kabla ya mambo ya urithi kuendelea. Daftari la karatasi la miaka ya mwanzo lililoa maji, na mvua ya Kericho mnaijua. Ikabaki laptopu tu. Kijana mmoja mwenye nia njema alijaribu "kuifufua" kwa kuweka mfumo mpya, ikagoma. Watu wakaanza kunong'onezana kwamba labda huyo marehemu hakuchanga chochote. Hapo ndipo mweka hazina alipomtuma mtoto kuniita.

"Kijana, wewe umesomea hii kitu. Sema ukweli tu, imekufa?"

"Mzee, nipe mpaka jioni," nikamjibu. Jioni ilifika nikiwa sijui lolote.

Kosa langu lilikuwa la kawaida kabisa: niliilaumu diski ngumu, kisha kumbukumbu, kisha flashi yangu. Baiosi ya mashine ile haijui kuwaka kutoka kwenye flashi, kwa hiyo ilibidi nitafute sidii tupu. Jamani, jaribuni kutafuta sidii tupu siku hizi! Nilizunguka mji wa Kericho nusu siku. Nilipochoma na kuwasha, skrini ikaleta mstari mmoja uliosema kwamba kerneli inahitaji kitu kiitwacho PAE na prosesa hii haina. Kisha kimya.

Sasa tuingie kwenye historia. PAE ilikuja na prosesa ya Pentium Pro mwaka 1995. Kazi yake ni kuiwezesha prosesa ya biti 32 kufikia kumbukumbu zaidi ya gigabaiti 4, hadi 64. Kwa miaka mingi haikumhusu mtu wa kawaida, maana nani alikuwa na gigabaiti 4? Lakini kuna kinga ya usalama, ile inayozuia sehemu ya kumbukumbu yenye data isiendeshwe kama programu, ambayo kwenye biti 32 hufanya kazi tu kama PAE imewashwa. Basi waandishi wa mifumo wakaanza kuidai. Ubuntu iliondoa kerneli isiyo na PAE katika toleo la 12.10, Oktoba 2012. Windows 8, iliyotoka mwezi uleule, nayo ilidai PAE pamoja na SSE2.

Penye utamu ni hapa. Laptopu ya wazee ina Pentium M ya mwaka 2003. Baadhi ya Pentium M za mwanzo zina PAE ndani yake, ila hazisemi! Programu ikiiuliza prosesa "una uwezo gani?", prosesa inataja orodha yake yote na kuiruka PAE. Kerneli mpya inaamini ilichoambiwa na inakataa kuwaka. Ni kama mtu aliyefika kituoni na gunia lake la majani, lakini jina lake halimo kwenye orodha ya karani. Majani yapo, mizani ipo, na bado hapimiwi.

Lakini mbona mashine hizi zilifanya kazi miaka yote bila shida? Nimelifikiria sana swali hili, na jibu langu ni intaneti. Computers for Schools Kenya ilianza mwaka 2002 kukarabati kompyuta zilizotumika na kuzisambaza mashuleni, na watu wengine wengi, makanisa na marafiki wa ng'ambo, walileta zao. Ubuntu ilitoka mara ya kwanza Oktoba 2004, na hadi Aprili 2011 ungeweza kuagiza sidii zake zikaja kwa posta bila malipo. Mwishoni mwa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazindua Jambo OpenOffice, ofisi nzima kwa Kiswahili. Vitu hivi vilikuja katika sidii, vikawekwa mara moja, na ndiyo ikawa mwisho. Hakuna sasisho lililoweza kuharibu kitu kwa sababu hakuna sasisho lililofika. Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, mtandao ukaanza kushuka bei na kupanda mlima kuja huku. Sote tulishangilia, na tulikuwa na haki. Ila kuanzia hapo kompyuta ya kijijini ikaanza kuishi kwa kalenda ya watu walioko mbali, ambao mashine zao ni mpya.

Baada ya PAE ikaja zamu ya SSE2, amri za hesabu zilizoanza na Pentium 4 mwaka 2000. Pentium III haina. Chrome ilianza kuzidai mwaka 2014, na Firefox ya Linux mwaka 2017. Ugonjwa huu ni mbaya zaidi, kwa sababu mfumo unawaka vizuri, unabofya kivinjari, kinatokea sekunde moja na kutoweka. Mtu anadhani ni virusi. Ukiwa na Linux, kabla hujaweka chochote, fungua faili la /proc/cpuinfo usome mstari wa flags. Kama neno sse2 halimo, usijisumbue na kivinjari kipya. Dakika moja hiyo itakuokolea siku nzima.

Mimi siwalaumu sana waandishi wa programu, maana na mimi ni mmoja wao. Kila mashine ya zamani unayoibeba ni majaribio zaidi na msimbo ambao hakuna anayeusoma. Hata Debian, wavumilivu kuliko wote, hawatoi tena kisakinishi cha biti 32 tangu toleo la 13, Agosti 2025. Lakini huku kwetu kitu kuukuu si aibu. Kuna miche ya chai Kericho iliyopandwa miaka ya 1920 na bado inachumwa. Mashine za CTC viwandani, zile zinazoponda na kurarua majani, zinafuata wazo la William McKercher wa Assam la mwaka 1930. Meno ya rola yakichakaa yananolewa upya. Prosesa hainoleki.

Turudi kwa mzee. Ubuntu 14.04 iliongeza mlango wa nyuma: ukiandika neno forcepae kwenye mstari wa kuwashia, kerneli inaacha kuuliza na inaendelea. Kwenye boksi la vitu vyangu vya chuo nilikuwa na sidii ya Lubuntu 14.04. Nikaiweka, nikaandika neno lile, na baada ya dakika kama nne hivi eneokazi likatokea. Sikusakinisha chochote. Nilifungua diski ngumu kwa kusoma tu, na folda zikaonekana. Yule kijana, kwa bahati, alikwama kabla ya kufuta. Nikanakili kila kitu kwenye flashi mbili, moja yangu na moja ya kikundi, halafu ndipo nikafungua faili la hisa.

Jina la marehemu lilikuwa mstari wa kumi na saba. Michango yake ilikuwepo, mwezi baada ya mwezi, mpaka mwaka 2009, isipokuwa miezi miwili. Tulichapisha nakala tatu mjini. Mama alishika yake akaisoma polepole kwa kidole, kisha akauliza ile miezi miwili ilikuwa ipi. Mzee akamjibu kwamba ni wakati mtoto wao alipolazwa hospitali, na kwamba yeye mwenyewe anakumbuka.

Mzee alitaka pia laptopu iingie mtandaoni. Ilikataa kila tovuti, ikisema vyeti si halali. Sababu ya kwanza ilikuwa saa: betri ndogo ya ubao mkuu imekufa, na mashine iliamini tuko Januari 2003. Nilirekebisha tarehe, tovuti chache zikafunguka, nyingi zikakataa bado, kwa sababu cheti mama kilichotegemewa na kivinjari cha zamani kiliisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Hilo sikulishughulikia. Nilimwambia akae nayo kama daftari tu, bila intaneti, na kila mwezi anakili faili kwenye flashi. Betri nimeagiza, nitampelekea Desemba.