Makarani wa Tanga na Meza ya Bwana Shauri

Machi 1922, makarani na walimu wa serikali mjini Tanga walianzisha chama chao. Jina lilikuwa refu, tena la Kiingereza: Tanganyika Territory African Civil Services Association. Kwenye klabu ya chama walisoma magazeti na kupanga mechi za mpira. Mkristo wa shule ya misheni na Mwislamu aliyesomeshwa na Wajerumani waliketi meza moja, jambo ambalo kazini halikuwa rahisi, kwani nafasi za ukarani ziligombewa.

Aliyewakusanya ni Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, 1891, mjukuu wa jumbe wa Kibondei. Alisoma shule ya misheni ya Kiungani, akafanya kazi Kenya na Uganda. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka Wajerumani walimweka kizuizini, naye akapata uhuru Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916. Waingereza wakamwajiri Tanga.

Karani wa boma aliijua serikali kwa ndani. Ni yeye aliyefungua jalada, akatafsiri shauri, akapiga chapa waraka. Kwa hiyo chama kilipokuwa na haja, hakikupiga kelele: kiliandika barua, kwa heshima zote, ipite kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa wilaya, hadi Dar es Salaam. Serikali nayo ilikiona chama hicho kuwa sikio lake kwa Waafrika waliosoma. Mashauriano yakaishia hapo. Mwenye kuomba alikuwa pia mwenye kulipwa na anayeombwa.

Mwaka 1931 Kayamba alikwenda London na wenzake wawili, Francis Lwamgira wa Bukoba na Mtemi Makwaia wa Usukuma, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Waliupinga. Safari hiyo aliiandikia kitabu kwa Kiswahili, kikachapishwa 1932.

Nyumbani, malalamiko yalibaki kwenye mshahara. Tume ya Holmes ya 1947–48 ilikubali kanuni kwamba asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kati ya tano za anacholipwa Mzungu kwa kazi ile ile. Tume ya Lidbury ikaja 1954 kupendekeza ngazi moja ya mishahara bila kujali rangi.

Wakati huo sauti ya watumishi Waafrika wa serikali ilikuwa chama chao cha TAGSA, na rais wake alikuwa Rashidi Kawawa, kijana wa idara ya maendeleo ya jamii ambaye watu walimjua pia kwa sura, kwani aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu. Waraka wa serikali wa 1953 ulikuwa umewakataza watumishi kujiunga na vyama vya siasa. Chama cha siasa cha TANU kilipozaliwa Julai 1954, wengi walikiunga mkono kwa siri, kadi ikifichwa nyumbani. Shirikisho la wafanyakazi, TFL, lilipoundwa 1955, Kawawa akawa katibu mkuu wake, kisha akaiacha kazi ya serikali.

Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Mwaka huo huo, chini ya uongozi wake, ilipitishwa sheria ya majadiliano ya watumishi wa serikali. Kwa sheria hiyo, mtumishi aliyelipwa zaidi ya pauni 702 kwa mwaka hakuruhusiwa tena kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi.