Tasnifu ya Boston na Deni la Maneno

Wizi wa maneno una ajabu moja ambayo wizi wa ng'ombe au wa fedha hauna: aliyeibiwa haoni pengo nyumbani mwake. Kitabu chake kingali rafuni, sentensi zake zingali mahali pake, na yamkini atakufa bila kujua kwamba sehemu ya kazi yake inatembea chini ya jina la mtu mwingine. Kwa hiyo wengi hulihesabu kosa hili kuwa dogo, hasa wanafunzi wa vyuo vikuu, ambao hudai kwamba maarifa ni maji ya mto na kila mwenye kiu ana haki ya kuteka. Tasnifu moja iliyopokewa Boston, Marekani, mwaka wa 1955 yastahili kutazamwa kwa makini juu ya jambo hili, maana mwandishi wake hakuwa mvivu wala mjinga, na baadaye alikuwa mmoja wa watu wakubwa wa karne yake.

Martin Luther King alizaliwa Atlanta mwaka wa 1929. Alisoma katika Chuo cha Morehouse, kisha katika Seminari ya Crozer, Pennsylvania, na mwaka wa 1951 akaingia Chuo Kikuu cha Boston kutafuta shahada ya udaktari katika elimu ya dini. Jambo alilolichagua lilikuwa zito: kulinganisha dhana ya Mungu katika fikira za wanazuoni wawili, Paul Tillich na Henry Nelson Wieman. Kabla hajamaliza kuandika, aliitwa kuwa mchungaji wa kanisa la Dexter Avenue, mjini Montgomery, Alabama, naye akakubali. Alikuwa na umri wa miaka 25. Alieleza mwenyewe baadaye kwamba aliamka kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaandika kwa muda wa saa tatu, akaenda kuwahudumia waumini wake, na usiku akairudia kalamu kwa saa tatu nyingine. Shahada aliipata Juni 1955. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo watu weusi wa Montgomery waligoma kupanda mabasi ya mji, wakamchagua kuwa kiongozi wao, na tangu hapo hakuna aliyekuwa na haja ya kuisoma tasnifu yake.

Ilikaa katika maktaba zaidi ya miaka thelathini. Mwaka wa 1985 mjane wake, Coretta Scott King, alimwomba Clayborne Carson, mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Stanford, asimamie uhariri wa karatasi zote za marehemu. Kazi ya mhariri wa namna hii haina fahari. Hushika sentensi moja, huuliza imetoka wapi, hufungua kitabu kilichotajwa, hulinganisha neno kwa neno, kisha hushika sentensi ya pili. Carson na wenzake hawakuwa wakitafuta aibu. Walikuwa wakitayarisha tanbihi. Lakini walipofikia maandishi ya miaka ya masomo, waliona kwamba mahali pengi tanbihi za King mwenyewe hazikutosha. Maneno ya Tillich na ya Wieman yalisimama katika tasnifu bila alama za kunukuu, kana kwamba ni ya mwandishi. Tena kulikuwa na jambo gumu zaidi. Mwaka wa 1952 mwanafunzi mwingine wa Boston, Jack Boozer, alikuwa ameandika tasnifu juu ya Tillich. King aliitaja katika utangulizi wake na kuisifu, kisha akachukua kutoka humo sentensi nzima zaidi ya hamsini bila kusema ni za nani.

Ilikuwaje? Jibu moja limo katika kadi. King, kama wanafunzi wengi wa zamani zake, alisoma huku akiandika katika kadi ndogo yale aliyoyaona ya maana. Mara kwa mara alinakili maneno yenyewe ya kitabu, na hakutia alama ya kuonyesha wapi maneno ya mwenye kitabu yalianza na wapi yalikoma. Miezi ikapita. Alipoketi kuandika, aliihamisha kadi nzima katika ukurasa, pamoja na makosa madogo aliyokuwa ameyafanya wakati wa kunakili, na makosa hayo ndiyo yaliyowaonyesha wahariri njia iliyopitwa. Hapa ndipo penye kiini cha shida yote. Kosa ambalo dunia iliambiwa habari zake mwaka wa 1990 lilikuwa limetendwa mezani pa msomaji, katika dakika ambayo alama mbili za wino ziliachwa.

Walakini kadi hazielezi kila kitu. Hazimwelezi Boozer, ambaye hakuwa asili ya fikira za Tillich bali mwanafunzi mwenzake aliyetangulia kuzifafanua. Wala haiwezekani kusema kwamba King hakufundishwa, kwa kuwa alihudhuria huko Boston somo la namna ya kuandika tasnifu. Kwa upande mwingine, mwaka wa 1964 yeye mwenyewe alikikabidhi chuo hicho karatasi zake nyingi, na mtu anayejua kwamba ameficha mali ya wizi chini ya kitanda hawakaribishi wageni chumbani. Nia ya mtu ni siri yake na Mungu wake. Lililo wazi ni tendo, na tendo lilikuwa baya.

Waalimu nao wana sehemu yao, na pengine sehemu hiyo ni kubwa kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Msimamizi wa King, L. Harold DeWolf, ndiye aliyekuwa msomaji wa kwanza wa tasnifu ya Boozer miaka mitatu tu kabla. Sentensi zile zile zilipita mbele ya macho yale yale mara mbili, na hazikuzuiwa. Msomaji wa pili, S. Paul Schilling, aliona katika rasimu mahali pawili ambapo namna ya kutaja vitabu haikuwa sawa, akadhani ni ajali, na katika ripoti yake akaisifu kazi. Si kwamba watu hawa walikuwa wazembe kupita wengine. Walikuwa wakitaka kwa mwanafunzi maelezo sahihi ya mawazo ya wakubwa, na maelezo yapi yatakuwa sahihi kuliko maneno ya wakubwa wenyewe? Tangu siku za Crozer, King alikuwa akiandika kwa mtindo huo na kupata alama nzuri. Mwanafunzi anayetuzwa kwa njia fulani huiona kuwa ndiyo njia.

Habari zilipotoka, wako waliotafuta udhuru katika asili ya King. Keith Miller, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1992, alieleza kwamba wahubiri weusi wa Marekani walizoea kuyaona mahubiri kuwa mali ya wote, na mhubiri aliunganisha sauti yake na sauti za waliomtangulia. Ni hoja yenye nguvu kwa mimbari. Kwa tasnifu ina nguvu ndogo, kwa sababu mtahini hakumwomba King awaguse watu nyoyo bali athibitishe amejua nini. Wala si kweli kwamba elimu inayopitishwa kwa kinywa haina desturi ya kutaja mwenyewe. Wanavyuoni wa Kiislamu, na wa pwani ya Afrika ya Mashariki miongoni mwao, hawakuikubali hadithi isiyo na silsila ya wapokezi: fulani ameisikia kwa fulani, naye kwa fulani, hata kufika kwa Mtume. Mpokezi mmoja akikosekana katikati, hadithi yote hutiwa shaka. Watu hao walitunza majina kwa ulimi ambayo mwenye kalamu na kadi aliyaangusha.

Gazeti la London lilidokeza jambo hili Desemba 1989, na chuo kilikana. Mnamo Novemba 1990 The Wall Street Journal likalitangaza waziwazi, na Carson akathibitisha. Kamati ya wanazuoni iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Boston ilitoa hukumu yake mwaka wa 1991: King aliiba maneno, hapana shaka, walakini tasnifu ilikuwa bado na mchango wake katika elimu, na kumvua shahada mtu aliyeuawa mwaka wa 1968 hakungekuwa na faida. Iliamriwa barua ya kueleza matokeo ya uchunguzi iambatishwe na nakala iliyomo katika maktaba ya chuo.

Wako waliosema hukumu hiyo ilikuwa laini kwa sababu ya jina la mkosaji, na mwanafunzi wa kawaida aliye hai asingeipata. Yawezekana. Hata hivyo barua ile imefanya kazi ambayo kuvua shahada kusingefanya, kwa kuwa tasnifu iliyofutwa hupotea pamoja na habari ya kosa lake, lakini hii husomwa pamoja na deni lake. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazolinganisha maandishi na kulionyesha deni kwa dakika chache, na zipo nyingine zinazomtungia mwanafunzi sentensi ambazo hazina mwenyewe wa kutajwa. Kazi iliyowachukua wahariri wa Stanford miaka imekuwa nyepesi upande mmoja na ngumu upande wa pili.

Jack Boozer alifariki mwaka wa 1989, kabla ya habari kuenea. Waandishi wa magazeti walipomwendea mjane wake, aliwaambia kwamba mumewe angeona heshima na furaha ikiwa katika kazi yake kilikuwamo chochote cha kumfaa Martin Luther King. Huenda kama angaliombwa, mwaka ule wa 1955, angalijibu vivyo hivyo. Hakuombwa.