Radi, kioo cha rubani na memori yangu iliyoungua

Jana hapa Malili upepo ulivuma kutwa, vumbi likafika mpaka upande wa Konza. Nilivua sweta, ikatatarika, kisha nikashika memori ya kompyuta niliyokuwa nimeifungua. Basi, ikafa hapo hapo! Usiku nikajiuliza: kama vumbi na sweta vinaua memori, ndege inayopasua mawingu husalimikaje?

Jibu linaanza mwaka 1836. Mwingereza Michael Faraday alijenga chumba kilichozungushiwa chuma, akaonyesha kwamba umeme hubaki nje. Bodi ya ndege ya alumini hufanya kazi hiyo hiyo: radi huipiga, hupita juu juu, kisha hutoka. Lakini rubani lazima aone mbele, kwa hiyo ngome hiyo ina tundu, nalo ni kioo.

Kioo na plastiki havipitishi umeme. Mvua, barafu au vumbi likisugua, chaji hukosa pa kwenda, hujikusanya mpaka iruke kama cheche. Kwenye ndege za kivita zenye kifuniko cha plastiki, mambo ni mabaya zaidi: radi ikiwa karibu, rubani anaweza kupigwa shoti hata kama kifuniko hakijatobolewa.

Tarehe 24 Juni 1982, ng'ambo ya Bahari yetu ya Hindi, marubani wa Boeing 747 ya British Airways waliona kioo chao kikimetameta kwa cheche usiku. Rada ya hali ya hewa haikuonyesha wingu. Kumbe lilikuwa jivu kavu la volkano Galunggung ya Indonesia! Injini zote nne zilizimika, kioo kikakwaruzwa hadi kikawa ukungu. Injini ziliwaka tena, wakatua Jakarta, na watu wote 263 walipona. Kioo ndicho kilichotangulia kuwaonya.

Dawa ya wahandisi ni rahisi kuieleza: pakaza kioo utando mwembamba unaopitisha umeme bila kuzuia macho, kisha uunganishe na bodi. Chaji ikipata njia, huondoka kimya kimya.

Mimi kwa miaka mingi niliona mkanda wa mkononi wenye waya wa ardhini ni mbwembwe za mafundi. Leo nimeagiza wangu. Mpaka ufike, nitagusa chuma cha kasha kwanza. Nawe ndugu msomaji, umeshaua memori ngapi?