Kura ya Mwanamke: Uswisi na Bihar

Uswisi na India zilimfikisha mwanamke kwenye sanduku la kura kwa njia zilizopishana kabisa. India ilimpa haki hiyo kwa katiba ya 1950, sawa na mwanamume. Uswisi iliwauliza wanaume kwanza: mwaka 1959 theluthi mbili yao walikataa, wakaja kukubali Februari 1971. Jimbo la Appenzell Innerrhoden liligoma katika chaguzi zake hadi mahakama kuu ilipolilazimisha mwaka 1990.

Hata hivyo, katiba pekee haikumtosha Mhindi. Kabla ya uchaguzi wa 1951–52, wanawake wengi waliandikishwa kama "mke wa fulani" au "binti wa fulani", kwa kuwa mila iliwazuia kumtajia mgeni majina yao. Tume ya uchaguzi ikayafuta maandikisho ya aina hiyo karibu milioni 2.8. Mswisi alikuwa na jina bila kura. Mhindi alikuwa na kura bila jina.

Hata baada ya kuipata, kura ilitumika kwa njia tofauti. Septemba 1985 Waswisi waliamua kuhusu sheria mpya ya ndoa. Ile ya zamani ilimfanya mume kuwa kichwa cha nyumba: yeye ndiye aliyechagua makazi, na mke alihitaji ridhaa yake ili afanye kazi. Wapinzani, akiwamo mwanasiasa Christoph Blocher, walilazimisha kura ya maoni. Wanaume wengi waliikataa sheria mpya. Kura za wanawake ndizo zilizoipitisha.

Bihar, moja ya majimbo maskini ya India, wanawake walipitia kwa mgombea. Mwaka 2015 wanawake wa vikundi vya kuweka na kukopa walimtaka waziri kiongozi wa jimbo, Nitish Kumar, apige marufuku pombe iliyokuwa ikimaliza ujira wa waume zao. Akaahidi. Kwenye uchaguzi wa mwaka huo wanawake walijitokeza asilimia 60, wanaume 53, ingawa wanaume wengi walikuwa vibaruani Delhi na Punjab. Kumar akashinda, na Aprili 2016 pombe ikapigwa marufuku. Lakini utekelezaji ulibaki mikononi mwa polisi: maskini wakajaa mahabusu, na Desemba 2022 pombe ya magendo yenye sumu ikaua makumi ya watu wilayani Saran. Walioidai sheria hawakuwa na njia ya kuirekebisha ila kusubiri uchaguzi mwingine.

Njia ya Uswisi nayo si mteremko. Likizo ya uzazi yenye malipo iliangushwa kwenye kura ya 1999, wanawake wakiwa wapiga kura, ikapita 2004. Wanawake hawapigi kura kwa sauti moja, wala hawalazimiki.

Kwa hiyo urefu wa foleni ya wanawake hautoshi kupima ushawishi wao. Tuulize ni nani anayeandika swali wanalolijibu. Mwaka 2025, uchaguzi ulipokaribia, serikali ya Bihar iliwatumia mamilioni ya wanawake rupia 10,000 kila mmoja. Mwaka 2015 wao ndio waliotaja wanachokitaka. Safari hii serikali iliwatangulia kwa bahasha.